Bei ya Undugu

Ukimwekea mche wa sabuni kiganjani hahitaji kuutazama. Ataupandisha kidogo, ataushusha, kisha atasema, "Huu bado mbichi, una maji. Urudishe rafuni wiki mbili." Ukienda kuupima kwenye mzani wa chuma ulio mlangoni, utakuta kasema kweli. Ndiyo maana kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mizani, na siku hizi hata mumewe akinuna humwita hivyo hivyo.

Kiwanda chenyewe si cha kutisha mtu. Ni jengo refu la bati lenye vyumba vitatu. Cha kwanza kina mapipa mawili ya kuchemshia mafuta na magadi, na hewa yake huwasha pua. Cha pili kina meza yenye waya wa kukatia sabuni na rafu za mbao zilizojaa miche inayokauka. Cha tatu ndicho ofisi: meza moja, viti sita, na kabati ambalo mlango wake haujawahi kufunga. Mizani anafanya kazi chumba cha kati. Binti yake wa miezi saba hulala kwenye kikapu chini ya dirisha, mbali na magadi, akinyonya kidole na kusikiliza waya unavyopita kwenye sabuni, shwaa, shwaa, mpaka usingizi umchukue.

Lakini usimdharau kwa ile aproni yake yenye madoa. Mizani ni mwenye kampuni. Hisa zote ni elfu moja, na wenye hisa ni watano tu. Meneja ana mia nne. Mwalimu, mama mmoja mstaafu anayeongoza vikao, ana mia mbili. Dereva wa gari la kusambazia ana mia. Mjomba, kaka wa marehemu mama yake Mizani na mpishi wa sabuni tangu siku ya kwanza, ana mia na hamsini. Na Mizani naye ana mia na hamsini, urithi wa mama aliyepika sabuni ya kwanza kabisa kwenye sufuria ya jikoni kwake mpaka sufuria ikatoboka.

Katiba ya kampuni, kurasa nne zilizopigwa chapa na Mwalimu mwenyewe, inasema kwamba mwenye sehemu ya kumi ya hisa zote, au zaidi, ana kiti mezani. Anasoma kila karatasi, anasema, anapiga kura. Aliye chini ya hapo hupelekewa habari mambo yakishakwisha. Dereva ana kiti kwa hisa zake mia kamili, na hujisifu kwamba amekalia ukingo wa kisima. Mama yake Mizani alitumia kiti chake kupitisha jambo moja ambalo wanaume walilicheka: mwanamke mwenye mtoto mchanga aruhusiwe kuja naye kazini. Lilipita kwa kura tatu dhidi ya mbili. Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, alimshika binti yake mkono akamwambia, "Uza kitanda, uza hata hizi kanga zangu, ila kile kiti usikiache. Aliye mezani hula. Aliye chini ya meza huokota."

Basi Mizani hakukiacha. Ila mwaka huu ndipo alipojua kwamba kiti chaweza kuondoka chini yako nawe umekikalia.

Ilianza na duka kubwa la mjini. Walitaka sabuni yao, miche elfu tatu kwa mwezi, lakini iwe imepigwa chapa na kufungwa vizuri, si kukatwa kwa waya na kufungwa kwa karatasi ya kaki. Hiyo inataka mashine. Mashine ni milioni ishirini. Benki ikataka hati ya nyumba, na hakuna kati yao aliyekuwa na nyumba ya kuweka rehani. Ndipo Meneja akamleta mgeni.

Mgeni alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, sauti laini, kucha safi. Alivuka ua wote wa kiwanda, wenye majivu na mafuta yaliyomwagika, asipate hata doa kwenye viatu. Dereva akamwangalia miguu, akanong'ona, "Huyu anatembea au anaelea?" Tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Viatu.

Walikaa ofisini, kiti cha sita akapewa yeye. Mizani alimpakata mtoto.

"Sitaki kuwabana kwa rehani," Bwana Viatu alisema. "Nawapa milioni ishirini. Miezi kumi na minane ikipita, nachagua: mnanirudishia fedha zangu na riba, au fedha zinageuka hisa nami nakuwa mwenzenu."

"Zinageuka hisa ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Bei ya hisa ni elfu hamsini. Meneja na mimi tumepiga hesabu ya mali yenu yote, ndiyo bei ya haki. Milioni ishirini kwa elfu hamsini ni hisa mia nne."

"Kwa hiyo za kampuni zitakuwa elfu moja na mia nne," Meneja alidakia, akimgeukia Mizani kama anayemjibu kabla hajauliza. "Wewe na Mjomba bado mna viti. Sehemu ya kumi ni mia na arobaini, nyie mna mia na hamsini. Nimewahesabia."

"Na mimi?" Dereva akashtuka. "Mia yangu imekwenda wapi?"

"Mia yako ipo. Ni kiti ndicho kinachokwenda."

"Aa! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni njoo, mwenyeji asimame!"

Walicheka, hata Bwana Viatu. Akasema Dereva angeweza kuandikiwa kiti chake kwa jina, kwa heshima ya kazi yake. Dereva akatulia. Mizani aliona jinsi lilivyokuwa jepesi kwake kutoa kiti cha watu, kama anayegawa peremende, na hilo halikumkaa vizuri.

Kuna jambo jingine aliloliona. Kikao kilipokwisha, Bwana Viatu hakwenda kutazama mapipa wala daftari la mauzo. Alikwenda kwa Mjomba, aliyekuwa akijivuta kwa magoti yake mabovu, akamshika kiwiko.

"Mzee, haya magoti yanakutesa. Unapumzika lini?"

"Ah, mwanangu, karibu. Labda mwaka huu."

"Upumzike. Umefanya kazi ya watu kumi."

Wiki iliyofuata alirudi na chupa ya dawa ya kuchua. Akakaa na Mjomba kwenye benchi nyuma ya mapipa saa nzima. Mizani alipopita na ndoo aliwasikia wakicheka. Mtu mwenye milioni ishirini, alijiuliza, magoti ya mpishi wa sabuni yanamhusu nini?

Akalibeba swali hilo mpaka nyumbani. Mumewe ni fundi cherehani, anashonea kwenye chumba cha mbele. Alikuwa na pini nne mdomoni.

"Huenda ni mtu mwema tu," alisema bila kufungua meno.

"Mtu mwema anauliza hali. Huyu anauliza tarehe."

"Wewe! Hata mimi ulinipima miezi mitatu kabla ya kunikubali."

"Na bado nakupima."

Mumewe akacheka, pini moja ikaanguka, wakaanza kuitafuta wote wawili kwa magoti maana mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Walipoipata Mizani alikuwa bado na mkunjo kwenye paji la uso.

Meneja aligawa mkataba siku ya Jumatatu, kila mtu nakala yake, kurasa kumi na moja. Mizani alisoma mpaka darasa la saba. Si haba, lakini karatasi ile iliandikwa na watu wanaolipwa kwa kutosomeka. Alisoma ukurasa mmoja kila mchana, mtoto akinyonya, kidole chake kikitambaa chini ya maneno. Ukurasa wa sita ulikuwa na sentensi aliyoirudia mara nne: fedha zitageuka hisa kwa bei ya elfu hamsini, au kwa bei ya mauzo ya mwisho ya hisa za kampuni kabla ya siku ya kugeuzwa, ile iliyo ndogo zaidi.

Akaenda kwa Meneja.

"Hii maana yake nini?"

"Ni maneno ya kawaida," alisema Meneja bila kuinua kichwa. "Wanaogopa tukija kumuuzia mtu mwingine kwa bei ya chini kuliko wao. Nani atauza hisa kwa chini ya elfu hamsini? Labda kichaa."

Simu yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi. Zamani haikulazwa hivyo. Na jana yake Mizani alikuwa amemwona akishuka kwenye gari la Bwana Viatu, kwenye kona kabla ya kiwanda, si mlangoni. Mtu asiye na la kuficha hushukia mlangoni. Akarudi kwenye waya wake, akakata sabuni vipande visivyolingana kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata Mjomba alimwita nyuma ya mapipa. Akaketi, akanyoosha mguu mmoja kwa mikono yote miwili kama anayehamisha gogo.

"Mwanangu, nimechoka. Baada ya kusaini naweka mwiko chini. Hisa zangu nataka uzichukue wewe."

"Mjomba! Nitazilipaje?"

"Bei ya undugu. Nyingine ipi?"

Hapa pana haja ya kueleza, maana jambo hili halipo kwingine. Walipoanza, kila hisa ilinunuliwa elfu tano. Wakapeana neno la mdomo kwamba atakayeondoka atamuuzia mwenzake kwa elfu tano ile ile, hata kampuni ikipanda kufika mawinguni, ili mtu asije akamfanyia mwenzake biashara ya jasho la pamoja. Neno hilo halikuandikwa kwenye zile kurasa nne. Mwalimu alisema undugu hauandikwi. Mara moja tu lilitumika, fundi wa mapipa alipohama, na Mwalimu akanunua hisa zake kwa bei hiyo, wakanywa soda, yakaisha.

Mizani alitaka kulia. Mia na hamsini zake, na mia na hamsini za Mjomba, mia tatu. Sauti ya pili kwa ukubwa baada ya Meneja. Alimwona mama yake akitabasamu. Alimbusu Mjomba mkono uliokauka kwa magadi, akarudi kazini akiimba kwa chini, mpaka mtoto akaamka kumsikiliza.

Mchana huo ilikuwa zamu ya kupima rafu. Mama yake alimfundisha kupima kila mche mara mbili, siku ya kukatwa na siku ya kuuzwa, na kuandika zote mbili. Sabuni mbichi ni nzito kwa maji. Ikikauka hupungua, na mteja halipi maji. "Usiangalie uzani wa kwanza hata kama ni mzuri," mama alikuwa akisema. "Unaohesabika ni ulioandikwa mwisho."

Mizani alikuwa na penseli mkononi, ameandika uzani wa pili wa rafu ya tatu. Mkono ukasimama.

Unaohesabika ni ulioandikwa mwisho.

Mauzo ya mwisho. Mjomba akimuuzia hisa kwa elfu tano, mauzo ya mwisho ya hisa za kampuni ni elfu tano. Haikuhitaji kichaa. Ilihitaji mjomba anayempenda mpwa wake.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Milioni ishirini kwa elfu tano. Alipiga hesabu nyuma ya daftari, akaifuta, akaipiga tena, maana alidhani amezidisha sifuri. Hakuwa amezidisha. Hisa elfu nne. Wao wote watano elfu moja, mgeni peke yake elfu nne.

Sasa akamshuku kila mtu. Alimshuku Meneja kwanza, maana ndiye aliyemleta mtu. Akamshuku Dereva, aliyeahidiwa kiti. Akamshuku hata Mwalimu, kwa nini asimamie mkataba asiousoma? Na kwa aibu kubwa, kwa nusu dakika, alimshuku Mjomba. Akamtazama mtoto kwenye kikapu, akasema moyoni, wewe peke yako ndiye huna hisa.

Akaamua kumjaribu Meneja. Alimkuta mlangoni akifunga mlango.

"Mjomba anataka kuniuzia hisa zake."

Alimtazama usoni kama anavyotazama mshale wa mzani. Uso haukutetereka, ila alichelewa kidogo kujibu.

"Vizuri. Kwa bei ya undugu?"

"Ndiyo."

"Sawa. Ila subirini kwanza tusaini. Msichanganye karatasi."

Subirini kwanza tusaini. Mizani hakulala vizuri kwa maneno hayo. Kabla au baada, kisu kilikuwa kile kile, lakini kabla ya kusaini huenda mtu angekiona kimelala mezani.

Siku ya kusaini ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bwana Viatu alikuja na kalamu tano mpya, kila mmoja yake. Mizani alikuja na toroli la miche.

Dereva akapiga mluzi. "Mizani, tunasaini au tunafua?"

Mtoto alikuwa mgongoni. Alipanga miche kumi upande mmoja wa meza.

"Huu mche mmoja ni hisa mia," alisema. "Hii kumi ni sisi. Minne ya Meneja, miwili ya Mwalimu, mmoja wa Dereva, mmoja na nusu wa Mjomba, mmoja na nusu wangu. Mgeni alisema ataleta minne." Akaweka minne upande wa pili. "Mnaona? Bado tunakaa."

"Tunaona," Mwalimu alisema. "Endelea, mwanangu."

"Sasa tuseme tumeshasaini, na Mjomba ameniuzia zake. Kwa bei ya undugu. Ukurasa wa sita."

Akaanza kuweka miche upande wa mgeni. Mitano. Kumi. Kumi na mitano. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa midomo, mazoea ya darasani. Ishirini. Meneja aliondoa kiwiko mezani kupisha. Thelathini. Miche ilipofika arobaini ilikuwa imeziba kifua cha Bwana Viatu, kikabaki kichwa.

"Arobaini," Mwalimu akasema polepole. "Nasi kumi."

"Mimi nikiwa na zangu na za Mjomba pamoja ni mitatu katika hamsini. Kiti sina. Mwalimu huna. Hata Meneja hana."

Meneja alinyakua mkataba, akafungua ukurasa wa sita.

Bwana Viatu alisogeza miche miwili ili aonekane. "Dada, umesoma kwa makini. Hongera. Lakini sentensi hii iko kwenye mikataba mingi. Haijamdhuru mtu."

"Najua. Mahali pengine haidhuru, maana hakuna anayeuza cha elfu hamsini kwa elfu tano. Ni hapa kwetu tu. Na bei yetu haijaandikwa popote." Akavuta pumzi. "Nataka kujua nani alikuambia."

Macho yote yakamwendea Meneja. Ya Mizani yalikuwa ya kwanza.

"Si mimi!" Meneja alisema. "Mwanamke, mimi nina hisa mia nne! Ningejichinja mwenyewe?"

"Ulishuka kwenye gari lake kwenye kona."

"Pikipiki yangu ni mbovu! Akanipa lifti, nikaona aibu mnione nimebebwa kama bwana harusi!"

"Na ulisema tusubiri mpaka tusaini."

"Kwa sababu mwanasheria angetudai karatasi mpya! Basi!"

Ilikuwa karibu wapandishiane sauti kabisa. Ndipo kikasikika kiti kikikwaruza sakafu. Mjomba alikuwa akijaribu kusimama, na magoti yakimkatalia.

"Ni mimi," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Siku ya ile dawa. Aliniuliza nikipumzika hisa nitampa nani. Nikamweleza. Nilijisifu, jamani. Nilimwambia sisi hapa si wafanyabiashara, sisi ni ndugu, hatuuziani kwa faida. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Akaniomba nirudie." Akaketi tena. "Nikarudia. Mpaka na bei."

Hakuna aliyemlaumu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Mizani aliinama akamshika goti, lile bovu zaidi. Lilikuwa bado linanuka ile dawa.

Mwalimu alikunja miwani yake. "Bwana, ukitaka kutukopesha, futa mauzo ya mwisho. Bei iwe moja, ijulikane leo. Hutaki, kalamu zako hizo."

Bwana Viatu hakukasirika. Alisema angewasiliana na wenzake, akatoka nje na simu, akaelea uani kwa robo saa. Dereva alisimama dirishani akitoa taarifa: "Anaongea. Anatikisa kichwa. Sasa anacheka. Mimi mtu anayecheka simpendi."

Aliporudi alikuwa mwepesi kama mtu aliyeoga. "Wamekubali. Bei moja. Ila kwa kuwa mmetuondolea kinga, iwe elfu arobaini. Hisa mia tano, jumla elfu moja na mia tano." Akafuta maneno ya mauzo ya mwisho kwenye ukurasa wa sita, akaandika bei mpya, akamgeukia Mizani, akatabasamu. "Dada, sehemu ya kumi ni mia na hamsini. Unazo kamili. Kiti chako hakiguswi."

Dereva akapiga makofi. Meneja akapumua. Mwalimu akatazama hesabu akaona ni kweli, mia na hamsini juu ya alama. Kalamu zikaanza kuchukuliwa.

Mizani hakuchukua yake. Kamili. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Katika miaka yote ya kupima hajawahi kuona mche ukifika juu ya alama bila mtu kuukata makusudi. Kwa nini arobaini, si arobaini na mbili, si thelathini na tisa? Mtu huyu alikuwa nje robo saa, na amerudi na namba inayomgusa yeye na Mjomba kwenye kucha. Mgongoni mtoto aliguna, akamtikisa taratibu, huku akifungua tena mkataba kuanzia mwanzo, na wote wakisubiri.

"Mizani," Meneja akasema, "tafadhali."

"Na riba?" aliuliza.

"Riba ni asilimia kumi kwa mwaka," Bwana Viatu alisema. "Mlishaikubali."

"Siulizi ni ngapi. Nauliza, nayo inageuka?"

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Bwana Viatu alitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Ukurasa wa pili," Mizani alisema. "'Mkopo pamoja na riba yake.' Miezi kumi na minane ni milioni tatu. Kwa elfu arobaini, hisa sabini na tano zaidi. Sehemu ya kumi inakuwa mia hamsini na saba na nusu." Akaweka mche mmoja juu ya mzani mdogo aliokuja nao, akakata kwa kisu kipande chembamba, kadiri ya zile hisa saba na nusu zilizopungua, akakiweka upande wa mgeni. "Mimi na Mjomba tumetoka. Kwa kipande hiki."

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko kisicho cha furaha kabisa, akachukua kalamu moja ya mgeni, akaandika pembeni ya ukurasa wa pili kwa mwandiko wa ubaoni: riba italipwa kwa fedha, haitageuka hisa. Akamsogezea. "Weka sahihi hapo kwanza. Kisha sisi."

Bwana Viatu alitazama yale maneno kwa muda. Kisha akasaini. Alipokuwa akikusanya kalamu zake alimwambia Mizani, kwa sauti ya chini ambayo pengine ilikuwa ya kweli, "Ungekuwa upande wangu, dada, tungefika mbali."

"Ndiyo maana niko huku," alisema.

Mashine ilikuja mwezi uliofuata. Mizani alimpelekea Meneja chai ofisini, akamwambia, "Nilikudhania vibaya." Meneja akakoroga sukari kwa muda mrefu. "Mimi ningekuwa wewe ningenidhania pia," akasema. "Lakini siku nyingine nipigie kelele mapema, kabla ya toroli." Simu yake ilikuwa bado kifudifudi. Mizani aliiona, akaiacha. Si kila kitu ni cha kupimwa siku ile ile.

Jioni Mjomba alimkuta akifunika rafu. "Sasa je? Bei imeshafungwa. Naweza kukuuzia zangu, hazitamdhuru mtu."

Alikuwa sahihi. Mizani alijua yuko sahihi, alikuwa amesoma kurasa zote kumi na moja mara tatu. Aliyatazama magoti ya mzee, akatamani kumwambia ndiyo, weka mwiko chini, kapumzike.

"Tusubiri, Mjomba," alisema. "Miezi kumi na minane. Tuiache ikauke kwanza."

"Huniamini?"

"Wewe nakuamini. Ile karatasi ndiyo sijaipima mara ya pili."

Mzee alitikisa kichwa, polepole, akajivuta kwenda kwenye mapipa. Asubuhi iliyofuata alikuta kando ya pipa kiti kirefu cha mbao chenye mto ulioshonwa kwa vipande vya nguo, kazi ya fundi cherehani, ili aweze kukoroga akiwa ameketi.

Alikikalia.